"A" na "The": Usikiulize Kifaransa

 Katika somo la leo la Kiingereza, hapa redioni Goma, nazungumza hasa na wewe unayejiandaa kwa mtihani wa IELTS au TOEFL, uwe unatafuta chuo Kampala, Nairobi au Uingereza, uwe unatafuta kazi kwenye shirika. Twende pamoja Kituku, sokoni na bandarini, maana mifano ninayoihitaji karibu yote iko pale.

Boti imefika kutoka Minova. Iseme sentensi hiyo kwa Kiingereza, kwa sauti, hata kama kuna watu wanakuangalia. Wapo waliosema "Boat arrived from Minova." Hilo ni kosa, wala halina utetezi. Wapo waliosema "The boat arrived", na wapo waliosema "A boat arrived". Hawa wote wawili wanaweza kuwa sawa. Kama mimi na wewe tulikuwa tunaisubiri boti ile iliyombeba shangazi, ni "the boat". Kama ndiyo kwanza nasikia habari zake, ni "a boat".

Basi swali la kujiuliza ni hili: anayenisikiliza anajua ni ipi? Akijua, weka "the". Asipojua, na kitu ni kimoja cha kuhesabika, weka "a". Ukiwa unataja vitu kwa ujumla, vingi au visivyohesabika, usiweke chochote: "Women sell beans at Kituku." Wanawake wowote, maharage yoyote.

Utaambiwa kwamba Mswahili anashindwa hapa kwa sababu lugha yake haina vijineno hivi. Mimi sikubali. Kiswahili kinaijua tofauti hiyo vizuri, ila kinaionyesha kwa njia nyingine. Sikiliza: "Nimenunua gunia." Gunia gani? Hujui bado. "Nimelinunua gunia." Aa, ni lile tulilozungumzia jana. Ile "li" katikati ya kitendo imefanya kazi ya "the". Na sisi wa Goma, ambao hiyo "li" mara nyingi tunaiacha, tunaweka "ile" mbele: "ile gunia", "ile chukudu", "yule mwalimu". Kwa hiyo ukikwama kwenye karatasi ya mtihani, isemee sentensi moyoni kwa Kiswahili cha nyumbani. Kama "ile" inakuja yenyewe, andika "the".

Njia hii ina mipaka yake, nisikudanganye. Kwa watu, Kiswahili huweka alama hiyo karibu kila mara: "nimemwona mtu" bado ni "a person". Tena jua, mwezi, na chochote kilicho peke yake mahali pake huchukua "the" bila "ile" kusikika: "the sun", "the moon". Vilevile kilicho kikubwa au kirefu kuliko vyote: "the biggest market".

Anayetuponza zaidi ni Kifaransa. Tumekisoma tangu shule ya msingi, tumefanyia mtihani wa Serikali, na tukiingia kwenye Kiingereza tunaingia na mizigo yake. Kifaransa hakipendi nomino iende bila "le" au "la", basi mtoto wa Goma anaandika "The life is difficult", "I like the music", "I speak the French". Ondoa "the" zote tatu. Maisha kwa ujumla ni "life" tu, muziki kwa ujumla ni "music", na lugha haina "the".

Halafu Kifaransa hichohicho kinakugeuka pale ambapo Kiingereza kinadai kijineno. Mfaransa anasema "Je suis infirmier", kazi bila artikli, yaani bila kijineno. Wewe unatafsiri: "I am nurse." Mtahini anasikia pengo mara moja. Sema "I am a nurse", "My father is a fisherman", "She is an engineer". Mtego huu uweke akilini kuliko yote, kwa kuwa katika mazungumzo ya IELTS mara nyingi huulizwa mapema kabisa kama unasoma au unafanya kazi.

Kuna na "une information", "un conseil". Kwa Kifaransa vinahesabika; kwa Kiingereza havihesabiki. Usiseme "an information" wala "an advice". Sema "some information", "some advice". Makala tunayopikia nayo ni hivyo: "charcoal" haihesabiki, gunia lake ndilo linahesabika, "a sack of charcoal".

Na majina ya watu. Redioni kwa Kifaransa tunasema "le docteur Mukwege". Kwa Kiingereza cheo kikifuatwa na jina hakitaki kitu mbele: "Doctor Mukwege received the Nobel Peace Prize in 2018." Irudie sentensi hiyo. Daktari hana "the", tuzo inayo.

Sasa majina ya hapa kwetu. "Goma", "Kituku", "North Kivu": hakuna kitu mbele. "Lake Kivu", hakuna. "Mount Nyiragongo", hakuna. Lakini mto unataka, "the Ruzizi", na safu ya milima inataka, "the Virunga Mountains". Jina likiwa na "of" katikati, mara nyingi "the" hutangulia: "the University of Goma". Na nchi yetu ni mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu inazo mbili: "the Democratic Republic of the Congo". Ya kwanza ni ya jamhuri, ya pili ni ya Kongo, jina ambalo ni la mto pia. Ukilitaja katika insha, usiiache hata moja.

Redio inanisaidia kwenye jambo hili linalofuata, maana ni la masikio. "A" na "an" haziangalii herufi, zinaangalia sauti. Gari la Umoja wa Mataifa ni "a UN vehicle", kwa sababu "UN" inaanza kwa sauti ya "yu". Shirika lisilo la kiserikali ni "an NGO", kwa sababu "N" tunaitamka "en". Ni "an hour", maana "h" imenyamaza, na "a hotel", maana inasikika. Katika mji wenye mashirika mengi kama wetu, "an NGO" utaisema mara nyingi mno hata usipofanya mtihani.

Tuje kwenye alama. IELTS ilianza mwaka 1989, na alama zake zinakwenda hadi 9. Hakuna sehemu yake iitwayo artikli. Lakini katika kuandika na katika kuzungumza, mtahini anatumia vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimoja ni sarufi. Anayetaka 7 katika kuandika anatakiwa awe na sentensi zisizo na kosa mara kwa mara. Sentensi yako inaweza kuwa na msamiati wa kupendeza, ikakosa "a" moja, na tayari imetoka kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana nasema vijineno hivi ni ghali.

Ukielezea mchoro wa takwimu, angalia neno "number". "The number of boats is falling" ni idadi, nayo ni moja. "A number of boats are late" ni boti kadhaa. Kubadili kijineno kumebadili maana, na kitendo kimefuata.

Kwenye kusikiliza, soma maagizo. Wakikuambia uandike neno moja tu, na wewe ukaandika "the market", umeandika maneno mawili na jibu limekataliwa, hata kama soko lenyewe ulilisikia vizuri. Andika "market".

Na ukimaliza insha, usiirembe tena. Tumia dakika zako tatu za mwisho kupita kwenye kila nomino ya umoja inayohesabika, uangalie kama ina kitu mbele yake: "a", "the", "my", "this", chochote. Ikiwa tupu, irekebishe. Kwa maoni yangu, dakika hizo zina faida kuliko kukariri orodha ndefu za sheria.

Chukua kalamu uandike zoezi la wiki hii kwa Kiingereza: Mama yangu anauza makala Kituku. Jana alinunua gunia. Lile gunia lilikuwa limelowa. Jibu sahihi lina "a" moja na "the" moja tu. Ukipata zaidi ya hizo, tafuta ni wapi Kifaransa kimeingia.