Kipimo cha Damu na Safari ya Ziwani: Kumtambua Mapema Mgonjwa wa Kifua



Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma hadi Kagunga mpakani mwa Burundi, milima imeteremka hadi majini na safari nyingi za kwenda mjini ni za boti. Mgonjwa anayezidiwa usiku katika kijiji cha Mwamgongo hana budi kungojea chombo na upepo kabla ya kufikishwa Hospitali ya Maweni. Wakaazi wa Tumbatu na Kojani hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hivyo suali la leo, ingawa ni la maabara, ni la usafiri pia: je, damu yaweza kumtambulisha mgonjwa wa kifua mwenye virusi ambaye atazidiwa, ili asafirishwe angali ana nguvu?

Yafaa ifahamike kwanza kwamba maradhi haya ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Zaidi ya nusu yao walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, na wengi walikutwa na virusi. Malaria ilikuwa kwa takriban mmoja katika kila kumi. Aghalabu wagonjwa wa namna hii hupona wenyewe. Taabu ni wale wachache, nao siku ya kwanza hukohoa kama wenzao.

Maradhi ya UVIKO-19 ndiyo yaliyoleta ushahidi mwingi juu ya wachache hao. Mwezi wa Machi 2020 madaktari wa Wuhan, nchini China, walitoa taarifa ya wagonjwa 191 waliolazwa. Waliofariki walikuwa na upungufu mkubwa wa limfosaiti, yaani chembe nyeupe zinazopambana na virusi. Kadhalika kipimo cha D-dima, ambacho huonesha kuwa damu inaganda na kuyeyuka ndani ya mishipa, kilikuwa juu tangu siku ya kulazwa.

Kipimo kilicho jirani zaidi na uwezo wa vituo vidogo ni cha protini ijulikanayo kwa herufi CRP. Protini hiyo hutengenezwa na ini pale mwili unapowaka kwa maradhi. Huanza kupanda baada ya saa chache na hufikia kilele kiasi cha siku mbili. Hivyo basi damu iliyochukuliwa mapema mno yaweza kuonesha namba ndogo kwa mtu ambaye kesho yake atakuwa hoi. Namba ya pili, baada ya siku moja, ina maana kuliko ya kwanza.

Hapa Kigoma inaleta mtihani wake. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017, takriban watoto 24 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikutwa na malaria, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote. Malaria nayo huipandisha CRP. Kifua kikuu hufanya hivyo pia, na virusi vya UKIMWI hupunguza limfosaiti. Mganga akitumia namba za Wuhan bila ya kupima malaria kwanza, atampakia botini asiyehitaji na kumwacha anayehitaji. Vipimo hivi havikukusudiwa kusomwa peke yao.

Mfano mzuri ni wa Dar es Salaam, kati ya mwaka 2014 na 2016. Zaidi ya watoto 3,000 wenye homa walitibiwa kwa kufuata mojawapo ya miongozo miwili. Katika mmoja, waganga waliongezewa CRP, prokalsitonini na kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Walioandikiwa dawa za kuua bakteria kwa mwongozo huo walikuwa kama 11 katika kila 100, dhidi ya kama 30 kwa mwongozo wa pili. Na waliozidiwa baadaye walikuwa wachache zaidi.

Kuwahi kuna faida ya kweli. Mwezi wa Juni 2020 ilithibitika Uingereza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa humusi miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu.

Hivyo, pale penye kifaa cha kidoleni, oksijeni ikiwa chini ya 90 mgonjwa asafirishwe bila ya kungojea maabara. Damu ni kwa yule ambaye kidole bado hakijamshitaki lakini ni mzee, ana kisukari, au homa imeingia wiki ya pili. Jamaa wanaomsindikiza wachukue karatasi yenye namba za vipimo pamoja na siku na saa damu ilipotolewa, na waikabidhi kwa daktari atakayempokea.