Mujumbe wetu katika sheria ya anga atasema kwa jina la nani?



Tunajua wengi wenu munawaza nini: barabara imeoza, maji haitoki, na leo hawa wanatuletea mambo ya anga! Muvumilie kidogo.

Katikati ya miaka ya 1970, Mobutu alipatia kampuni ya Wajerumani, OTRAG, eneo la kilometa mraba karibu 100 000 kule Shaba, hadi mwaka wa 2000, juu ya kurusha roketi. Ile ni karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi pamoja. Roketi ya tatu, Juni 1978, ilianguka Mobutu mwenyewe akiangalia. Mwaka wa 1979 kazi ilifungwa, sababu inchi zingine zilipiga kelele. Wanainchi wa kule, nani aliwauliza?

Kumbe sheria ilikuwako. Mukataba wa anga wa 1967 unasema inchi inajibu juu ya kazi ya kampuni zake kule juu, na inchi yenye udongo wake unatumika kurusha chombo inajibu madhara. Inchi yetu iliweka sahihi mwaka ule ule, lakini haikuridhia. Tena, Desemba 1976, Zaire iliweka sahihi kule Bogotá pamoja na inchi zingine saba za ikweta, zikisema njia ya satelaiti, kilometa karibu 36 000 juu yao, ni mali yao. Dunia ilikataa. Juu tulidai, chini tulikuwa tunatoa bure.

Njo maana tunaongelea wajumbe. Space Generation Advisory Council, iliyotoka katika mukutano wa Umoja wa Mataifa kule Vienna mwaka wa 1999, inakusanya vijana wa miaka 18 hadi 35 na inakuwa na wajumbe katika inchi mbalimbali. Kuko pia mashindano ya Manfred Lachs: wanafunzi wanatetea kesi ya anga, na fainali inahukumiwa na waamuzi wa ile korti ya La Haye iliyoambia Uganda mwaka wa 2022 itulipe dola milioni 325. Ni vijana kama nyinyi wanasimama pale.

Sisi hatutaki mujumbe wa kupiga picha na beji shingoni. Tunataka achaguliwe mbele ya watu wote, asitoke Kinshasa tu kila mara, na mabinti wa sheria wasiachwe kuandika ripoti za wengine. Akitoka kwenye mukutano, atuelezee kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Na aulize wadeputé, kwa barua yenye tarehe: mukataba wa 1967 umelala wapi?

Kampuni ingine ikikuja na karatasi, tunataka mutu wetu awe amezisoma mbele ya sahihi.

Wanafunzi wa sheria, mubaki kidogo. Mukataba uko na vifungu 17 tu. Kopi ziko kwenye meza, tunaanza na kifungu cha 6.