Kabla Hujatia Sahihi

Msikilizaji, chukua mfano wa mama anayefanya kazi kiwandani Thika, anayetakiwa kufanyiwa upasuaji. Analetewa fomu ya Kiingereza, kidole cha muuguzi kinamwonyesha mstari, anatia sahihi. Je, amekubali? Mimi nasema bado. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Karatasi ni ushahidi tu kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Yasipofanyika, haithibitishi chochote. Desemba 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wanawake wanne wanaoishi na virusi vya Ukimwi, waliofungwa mirija ya uzazi. Walilalamika kwamba hawakuelezwa ipasavyo, na kwamba msaada wa maziwa na chakula uliambatanishwa na kukubali kufungwa. Mahakama ilisema haki zao zilikiukwa. Mwenye njaa akiambiwa achague kati ya uzazi wake na maziwa ya mtoto, huko si kuchagua.

Wapo watakaosema kwamba habari hizi za mtu kujiamulia ni za Wazungu, na kwamba kwetu mgonjwa ni wa ukoo mzima. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa ukoo ndio unaochanga pesa na kulala kwenye benchi la hospitali. Lakini tazama mji kama Ruiru ulivyo leo: mpangaji wa chumba kimoja, mumewe yuko Mombasa, wazazi wako Kitui au Kakamega. Ukoo huo mara nyingi ni sauti ya shemeji kwenye simu, asiyejua hata mgonjwa anaumwa wapi. Isitoshe, sheria haimkatazi mgonjwa kuwaachia wengine uamuzi. Inamruhusu kumteua kwa maandishi mtu wa kumsemea akishindwa kusema mwenyewe. Anayetaka baba aamue, na aamue baba. Ila aulizwe kwanza yeye mwenye mwili.

Daktari naye atalalamika kwamba foleni ya hospitali ya Thika Level 5 haimwachii nafasi ya mihadhara. Ni kweli, na dharura zina njia yake: maisha yakiwa hatarini na mgonjwa hajiwezi, anatibiwa bila kungoja idhini, ilimradi hakuwa amekataa. Kwa wengine inatosha kumwambia mgonjwa, "Hebu nieleze wewe, tunakwenda kukufanyia nini?" Akibabaika, aelezwe upya, kwa Kiswahili, Kikuyu au Kikamba.

Nawe msikilizaji, ukiletewa fomu usiyoielewa, shika kalamu lakini usiandike. Omba usomewe na ufafanuliwe kwanza. Hiyo ni haki yako kisheria.