Kuhamishwa kwa Kituo cha Mabasi: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya Chama imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana katika Nairobi tangu mwaka 2021, nalo ni mpango wa kuyaondoa mabasi na matatu katikati ya jiji na kuyapeleka katika vituo vya pembezoni, hasa kituo kipya cha Green Park. Yamkini mwanachama atauliza, Chama cha kusaidiana kina haja gani na stesheni ya mabasi? Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Chama hufanyika stesheni. Hapo ndipo tunapompokea kijana atokaye nyumbani kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo tunapomkabidhi dereva kifurushi cha dawa ili kimfikie mzazi kijijini jioni ile ile. Hapo ndipo hukutana wanaokwenda mazishini. Stesheni ikihamishwa, kazi hizi zote zahama nayo, na gharama zake pia.

Kwanza yafaa tueleze mambo yalivyotokea, kwa kuwa habari nyingi zimechanganywa na uvumi. Kituo cha Green Park kilijengwa katika kiwanja cha zamani cha Klabu ya Reli, penye makutano ya barabara ya Uhuru na barabara ya Haile Selassie. Waliokijenga ni Idara ya Huduma za Jiji, iliyoanza kazi mwezi wa Machi, 2020, chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Nia ilikuwa kwamba magari ya barabara ya Ngong na ya Lang'ata yaishie hapo, na magari ya pande nyingine yawe na vituo vyao, ili njia za katikati zipumue. Mwezi wa Mei, 2021, kituo kikafanyiwa majaribio. Muda wa Idara ile ukaisha mwaka 2022, na mambo ya magari ya abiria yakarudi mikononi mwa serikali ya kaunti, ambayo kwa Katiba ndiyo yenye kazi hiyo. Mwezi wa Desemba, 2022, serikali ya kaunti ikaagiza magari ya safari ndefu yaliyokuwa yakipakia katika njia za katikati, kama Accra Road na River Road, yahamie Green Park. Wenye magari wakapinga, jambo likafikishwa mahakamani, na utekelezaji wa agizo ukasimamishwa kwa muda.

Sasa tuyaangalie maoni ya watu, maana hayakuwa ya namna moja. Wako waliofurahi, nao wana haki. Mtu aliyezoea kupita River Road siku ya mwisho wa mwezi anajua jinsi mpita njia anavyosukumwa baina ya gari na ukuta, na jinsi mfuko unavyoweza kupungua bila mwenyewe kusikia. Gari la matatu haliondoki mpaka lijae. Basi kila gari linalongoja abiria limeziba njia ya mwingine, na moshi wake unaingia madukani. Kituo chenye mipaka, chenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, ni kitu ambacho jiji lililoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli lilikihitaji tangu zamani.

Wako waliolalamika, nao pia wana haki. Mfanyakazi atokaye upande wa Ngong, ambaye kazi yake iko upande wa pili wa mji, akishushwa Green Park atatembea zaidi ya kilomita moja, au atalipa nauli ya pili. Mwenye gari liendalo Murang'a au Nyeri huona ajabu kuambiwa apakie abiria upande wa kusini wa jiji, hali barabara yake, ya Thika, iko kaskazini. Mwenye duka, mwuza maji, mama mboga na mvuta mkokoteni hawana gari hata moja, lakini riziki yao yatokana na miguu ya abiria. Miguu ikipita njia nyingine, riziki nayo yapita njia nyingine.

Ili kuonyesha kwamba jambo hili halina upande mmoja, tuwafikirie wazee wawili watokao magharibi ya nchi. Mmoja anakwenda kutibiwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Huyo akishuka Green Park amesogea karibu na hospitali, wala hana haja ya kupita katikati ya mji. Kwake kituo kipya ni neema. Wa pili anakwenda kwa mwanawe Kayole, naye ana gunia la mahindi. Huyo akishushwa pale itambidi atafute mchukuzi, avuke mji wote, ndipo apate gari la pili. Kituo ni kimoja, wazee ni wawili, na mmoja amepata kile ambacho mwingine amepoteza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayechora ramani ofisini hamwoni mzee wa pili, isipokuwa ameitwa aseme.

Watu wengine hudai ya kuwa wananchi wa Nairobi ni wakaidi, hawapendi utaratibu. Sisi hatukubali. Wazee wengi waliopo hapa wanakumbuka tarehe 1 Februari, 2004, siku ambayo kanuni za Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutumika. Magari mengi hayakuwa tayari, yakakaa nyumbani, na watu wakaenda kazini kwa miguu kutoka mitaa ya mbali. Hata hivyo wengi waliziunga mkono kanuni zile, kwa sababu walielewa maana yake: kila abiria na kiti chake, mikanda, na chombo cha kuzuia mwendo wa kasi. Mwananchi hakatai kutembea. Anachokataa ni kutembea bila kujua kwa nini, na bila kujua mpaka lini.

Wala si Nairobi peke yake iliyopata mtihani huu. Wanachama wetu wanaosafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam wanajua ya kuwa zamani walishuka Ubungo. Siku hizi mabasi ya mikoani na ya nchi jirani yana kituo kikubwa huko Mbezi Luis, mbele zaidi katika barabara ya Morogoro, ambacho Rais John Magufuli alikifungua tarehe 24 Februari, 2021. Ni jengo la kujivunia. Lakini mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yalijengewa njia iliyoishia Kimara, kabla ya kufika Mbezi. Kwa hiyo msafiri aendaye Kariakoo na mizigo yake alibaki na kipande cha safari kilichotaka gari jingine na fedha nyingine. Twajifunza kwamba hata kituo kizuri huleta manung'uniko kikitangulia kufunguliwa kabla ya kuandaliwa njia ya kumtoa abiria hapo.

Basi, kwa maoni yetu, kosa haliko katika kuhama. Mji unaokua lazima usogeze vitu vyake. Kosa ni kuhamisha gari na kuacha safari nyuma. Safari ya mtu haianzi stesheni wala haiishii stesheni. Huanza mlangoni pake na kuishia mlangoni aendako. Mwenye mamlaka akikata kipande cha mwisho cha safari ile, amekihamisha kutoka mfukoni mwa mwenye gari na kukitia mabegani mwa abiria. Na mabega hayalingani nguvu. Kijana atatembea akicheka. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, na ndugu yetu asiyeona, hao ndio watakaolipa.

Tena iko sababu nyingine iliyofanya maagizo mengi yasidumu. Magari yetu yamo katika vyama vya ushirika vingi, navyo hushindana. Chama kimoja kikitii na kuhamia kituo kipya, na kingine kikabaki kando ya barabara karibu na abiria, aliyetii atakula hasara na aliyekaidi atapata faida. Baada ya wiki mbili mtiifu naye atarudi alikotoka. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwatukana madereva na makanga kwamba hawana adabu. Agizo lisilowagusa wote siku moja humwadhibu mwema.

Bwana Mwenyekiti, sheria iko upande wa wenye kusema kwa utaratibu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 chahesabu ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya utawala. Kifungu cha 54 chawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia mahali pa watu wote na kutumia magari ya abiria. Kifungu cha 57 chawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Haya si maombi ya hisani. Ni deni, na mwenye deni hulidai kwa upole, lakini hulidai.

Kwa hiyo halmashauri yaomba mkutano huu ukubali mambo manne, ili yaandikwe na kupelekwa kwa wakuu wa kaunti. La kwanza, kituo chochote kisihamishwe kabla ya kuwapo magari ya kuwafikisha abiria katikati na upande wa pili wa mji, na nauli ya kipande hicho ihesabiwe pamoja na nauli ya safari nzima. La pili, pawe na taa, maji, choo, mahali pa kujikinga mvua, na njia ya kupita kiti cha magurudumu, kwa kuwa mabasi ya mbali hufika usiku. La tatu, wachuuzi na wachukuzi waliokuwa katika kituo cha zamani waandikishwe na wapewe nafasi katika kituo kipya kabla ya wageni. La nne, vyama vyote vya magari vihame siku moja, kwa majaribio ya muda unaojulikana, na mwisho wake watu waitwe waseme waliyoyaona.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Twapendekeza wachaguliwe wanachama watatu, mmoja wao akiwa mama na mmoja akiwa mzee, wa kuhudhuria kila baraza linaloitwa juu ya jambo hili, na kutuletea habari kwa maandishi. Mara nyingi serikali imetangaza mkutano, viti vikabaki vitupu, kisha sisi tukalalamika barabarani. Tena kila tawi liwe na mtu wa kuwapokea wageni wafikao usiku, hata kituo kikiwa wapi, ili asiwepo mtoto wa nyumbani atakayelala nje ya mlango wa stesheni kwa kutojua njia.

Tukiyafanya hayo, hatutakuwa watu wa kungoja kuambiwa mahali pa kushukia.  Bwana Mwenyekiti, twaliweka jambo hili mbele ya mkutano lijadiliwe na kupigiwa kura.