"Mtandao hakuna" si jibu

Mwezi uliopita nilisimama kwenye foleni katika ofisi moja hapa Kigoma mjini. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyekuja kwa boti kutoka vijiji vya kusini, huko ambako barabara yao ni ziwa. Alipofika dirishani karani akamwambia, "Mama, mtandao hakuna. Rudi kesho." Mama akauliza kwa upole, "Mwanangu, hadi hiyo kesho nitalala wapi?"

Hakujibiwa. La kushangaza ni kwamba karani huyo alikuwa akisoma habari za mpira kwenye kompyuta ile ile. Mtandao ulikuwapo.

Siku za kukosa mtandao kweli zipo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Lakini ya ofisini pale yalikuwa mengine. Tovuti ni dirisha tu. Kumbukumbu zetu zimo katika ghala liitwalo kanzidata, aghalabu kwenye mashine nyingine, pengine mji mwingine. Kila ombi linapoletwa dirishani, programu haina budi kufungua njia hadi ghalani.

Njia hiyo inapokwama, mashine husema sababu, na kila sababu ina fundi wake. Ikijibu papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, maana yake safari imefika lakini hakuna anayeitika mlangoni. Huenda kanzidata imezimika, au namba ya mlango imekosewa. Ikikaa kimya hadi muda ukaisha, basi huenda anwani si sahihi, au ukuta wa usalama umefunga njia. Ikisema ruhusa hakuna, mlango umeonekana ila neno la siri limekataliwa. Pengine limebadilishwa ghalani, dirishani likasahauliwa.

Iko sababu ya nne: miunganisho imejaa. Wazee wa Ujiji wataielewa upesi. Enzi MV Liemba ikifanya safari zake, katika vituo vingi hapakuwa na gati. Meli ilitia nanga majini, na abiria wakafikishwa kwa mitumbwi. Mtumbwi uliopeleka abiria usiporudi, wa pili usirudi, wa tatu usirudi, hatimaye watu hujaa ufukoni ingawa meli ipo na ziwa limetulia. Kanzidata nayo ina idadi yake. Isipobadilishwa, MySQL huruhusu miunganisho 151 kwa wakati mmoja, PostgreSQL 100. Programu iliyoandikwa kizembe hufungua muunganisho, ikamaliza kazi, isiufunge.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunazima mashine na kuiwasha. Mitumbwi yote inarejea kwa mkupuo, kazi inaendelea, tunashangilia. Baada ya saa chache foleni imesimama tena. Wengine huongeza idadi ya mitumbwi, nayo pia isirudi. Dawa ni kumtafuta asiyerudisha, na kumbukumbu za makosa zaweza kusaidia.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa ofisi mambo mawili. Karani aandike saa na maneno yaliyotokea kwenye kioo kabla hajagusa swichi, ayapeleke kwa fundi. Na pawepo daftari la karatasi la kupokea shida ya aliyetoka mbali, ili mashine ikipona ahudumiwe bila kupanda boti tena.

Mama yule aliondoka akielekea Kibirizi kuuliza boti ya kurudi. Alikuwa ameambiwa mtandao hakuna, naye akaamini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini katika ofisi zetu anayeficha ni mmoja, na anayeumia ni mwingine.