Barafu ya Mbali, Maji ya Karibu: Mjadala wa Kinachoyeyusha Ncha za Dunia



Kila maji ya bamvua yanapopanda hadi kwenye mashina ya minazi, swali huwa ni lile lile: je, bahari itarudi? Mvuvi huliuliza. Mwenye kisima kilichoanza kuonja chumvi huliuliza, na anayetaka kujenga karibu na ufuo huliuliza kabla hajanunua mawe. Sehemu kubwa ya jibu iko mbali sana na ufuo huu, Greenland na Antaktika, na inategemea ni nini kinachoyeyusha barafu ya huko. Kama ni mzunguko wa kawaida wa dunia, basi kilichopanda kitashuka, na mtu anaweza kusubiri. Kama ni moshi wa makaa ya mawe na mafuta, anayesubiri atasubiri sana.

Kuna jambo moja linalochanganya watu, tuanze nalo. Barafu ya ncha za dunia ni ya aina mbili. Ile inayoelea baharini, kama ya Aktiki kule kaskazini, ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari kwa kiasi cha kuonekana. Anayetilia shaka atie vipande vya barafu kwenye glasi ya maji ya ukwaju, ajaze hadi ukingoni, angoje. Barafu itaisha na glasi haitafurika. Inayopandisha bahari ni ile iliyolala juu ya nchi kavu. Ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari itapanda takriban mita 7, na ya Antaktika takriban mita 58. Hayo hayatatokea katika maisha ya yeyote aliyeketi hapa. Lakini sehemu ndogo tu ya hiyo mita 7 inatosha kuingia sebuleni mwa mtu.

Kwamba barafu inapungua hakuna ubishi. Setilaiti zimekuwa zikipima barafu ya bahari ya Aktiki tangu mwishoni mwa 1978. Katika miaka ya themanini, kila Septemba, mwezi ambao barafu hiyo huwa kidogo kabisa, ilifunika karibu kilomita mraba milioni 7. Septemba 2012 ilibaki milioni 3.4 hivi. Aktiki imekuwa ikipata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia, na sababu mojawapo anaijua yeyote aliyewahi kutembea pekupeku saa saba mchana: mchanga mweupe unavumilika, lami nyeusi haivumiliki. Barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani. Ikiondoka, bahari yenye rangi nzito hunywa joto hilo, na barafu iliyobaki huyeyuka haraka zaidi.

Ubishi ni juu ya kilichoanzisha.

Mzee akisema dunia imekuwa ikibadilika tangu zamani, hakosei. Mwanahisabati Milutin Milanković alionyesha karne iliyopita kwamba njia ya dunia kulizunguka jua, pamoja na mwinamo wake, hubadilika polepole kwa makumi ya maelfu ya miaka, na ndiyo iliyoleta na kuondoa zama za barafu. Tena, barafu ya kale iliyochimbwa Antaktika inaonyesha kwamba zama hizo zilipokwisha, joto la huko lilianza kupanda kwanza, hewa ya ukaa ikafuata. Wapingaji huitaja sana hoja hii, na ni hoja ya haki. Safari zile mzunguko ndio uliowasha moto, na hewa ya ukaa ikauchochea. Safari hii mpangilio ni mwingine. Kwa hesabu hiyo hiyo ya Milanković, mwanga wa kiangazi unaoifikia Aktiki umekuwa ukipungua kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo kaskazini ingepaswa kuwa inapoa taratibu. Haipoi.

Jua je? Setilaiti zimekuwa zikipima nguvu zake pia tangu miaka ya sabini. Hupanda na kushuka kidogo kila miaka 11 hivi, lakini kwa jumla haijaongezeka. Na kuna ushahidi ulio mgumu kuupinga: tabaka la juu la angahewa limepoa huku la chini likipata joto. Jua lingekuwa ndilo chanzo, yote mawili yangepata joto. Gesi zinazofunika dunia kama blanketi hupasha chini na kupoza juu, na hivyo ndivyo Syukuro Manabe na mwenzake walivyokokotoa mwaka 1967, kabla vipimo havijathibitisha.

Hoja ya volkano ina ukweli ndani yake. Chini ya barafu ya magharibi mwa Antaktika kuna volkano nyingi, na joto lao huyeyusha barafu kutoka chini. Lakini zimekuwepo muda mrefu mno. Kinachokula barafu ya huko sasa kimeonekana na kupimwa: ni maji ya bahari yenye uvuguvugu yanayoingia chini ya kingo zake. Kuhusu hewa ya ukaa, volkano zote duniani kwa mwaka hutoa takriban asilimia moja tu ya ile inayotoka kwa binadamu, au chini ya hapo.

Hewa hiyo ilikuwa sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa Charles David Keeling alipoanza kuipima Hawaii mwaka 1958. Sasa imepita 420. Barafu ya kale ya Antaktika, inayohifadhi viputo vya hewa ya miaka 800,000, haionyeshi kabla ya viwanda kiwango kilichopita 300 hivi. Na maabara huweza kutambua kaboni iliyotoka kwenye mafuta na makaa ya mawe, kwa kuwa ni kongwe mno, tofauti na ya mti uliokatwa juzi.

Kwa hiyo, upande wa Aktiki, Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba uwezekano ni mkubwa sana kuwa binadamu ndiye chanzo kikuu cha kupungua kwa barafu ya bahari. (Jopo hilo liliundwa 1988 na mashirika mawili, moja likiwa UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi.) Upande wa Antaktika, jopo hilo hilo lilisema ushahidi wa mkono wa binadamu katika kupungua kwa barafu ya nchi kavu bado ni mchache. Huko ndiko mjadala ulipo hasa. Barafu ya bahari ya kusini iliongezeka hadi 2014, kisha ikaporomoka, na 2023 ikafika chini kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kupima. Pepo zinazosukuma maji ya uvuguvugu kuelekea barafu zinatokana kwa sehemu na mabadiliko ya asili ya bahari ya Pasifiki. Kwa kiasi gani, wataalamu bado wanabishana.

Ubishi huo unatuhusu sisi wa pwani ya Kenya kuliko wengi. Barafu kubwa huvuta bahari kuelekea kwake kwa uzito wake. Ikiyeyuka, mvuto hupungua na maji hukimbilia mbali, kwa hiyo pwani za tropiki hupata kidogo zaidi ya wastani.

Tangu 1901 hadi 2018 bahari duniani ilipanda takriban sentimita 20. Kufikia 2100, jopo linakadiria nyongeza ya kati ya sentimita 28 na 55 iwapo moshi utapunguzwa haraka sana, na kati ya sentimita 63 na mita 1 iwapo utaendelea kuongezeka. Hata moshi ukikoma leo, maji yataendelea kupanda kwa karne kadhaa, maana bahari na barafu huchelewa kuitika. Kurudi, basi, hayarudi. Anayejenga gati au nyumba ya kudumu miaka 50 ahesabu hivyo. Lililobaki wazi ni kasi, na kwa hilo macho yako kwenye Thwaites, barafu ya magharibi mwa Antaktika inayokaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza. Kwa sababu ya barafu za aina hiyo, jopo halikuweza kuiondoa kabisa hatari ya mita 2 kufikia mwisho wa karne.