Ngitili ni Akiba Yetu



Hapa Shinyanga zamani tulikata miti ili kufukuza mbung'o na kulima pamba. Ardhi ikabaki tupu. Kuni zikawa mbali, ng'ombe wakakonda.

Mwaka 1986 mpango wa HASHI ulianza. Tukarudia ngitili, desturi ya Wasukuma: malisho yanafungwa wakati wa mvua, yanafunguliwa kiangazi. Visiki vikachipua vyenyewe. Tukapata nini? Majani ya ng'ombe, kuni, fito, nyasi za kuezekea, dawa na asali.

Lakini wako wanaoingiza ng'ombe usiku kabla ya wakati. Jamani, huyo analisha wake leo, wetu wafe kesho! Tusinyamaze. Tukutane kwenye dagashida, tukumbushane mipaka, na mvunjaji atozwe faini, hata akiwa ndugu yetu.